Natalia Hakuwa na Mimba

Juzi nilikwenda Katesh kununua dawa ya ng'ombe, nikaingia mgahawani kunywa chai. Meza ya jirani walikaa vijana wa umri wenu. Nje akapita binti mmoja wa Gehandu, aliyerudi kutoka mafunzo ya jeshi kabla wenzake hawajamaliza. Kijana mmoja akasema, bila hata kushusha sauti, kwamba huyo wamemrudisha kwa sababu ya tumbo. Wengine wakacheka. Nikageuza kiti, nikawauliza ni nani kati yao aliyempima. Wote wakanipa shikamoo kwa pamoja, kana kwamba shikamoo ni kitambaa cha kufutia meza. Sikuitikia. Nilimaliza chai yangu nikatoka, na tangu siku hiyo nina hasira ambayo dawa yake haiuzwi Katesh.

Kwa hiyo nawaandikia, vijana wa kwetu. Mimi ni Fausta, mzaliwa wa Tumati, sajini mstaafu. Nimekuwa kuruta, nimekuwa askari, na miaka yangu mingi ya mwisho nimekuwa mkufunzi wa makuruta. Mkija kunitembelea mnaniuliza maswali mawili tu: kama jeshini lazima uwe na mtu wa kukushika mkono, na kama simu zinaruhusiwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza buti linavaliwaje. Leo nitawaambia habari za buti, na nitawaambia habari za Natalia wa Masieda, maana ni habari moja.

Kwanza mjue jambo ambalo waliotoka huko hawawaambii, kwa sababu wakirudi likizo wanataka mwaone mashujaa. Mwanzo wa mafunzo si mgumu sana. Mwanzo unabebwa na woga. Unakimbia kwa kuwa unaogopa, unaitika kwa kuwa unaogopa, na jioni unalala kama gunia. Mwisho nao unabebwa na hamu, maana siku ya kiapo unaiona inakuja. Kazi iko katikati. Hapo woga umekwisha na hamu haijafika. Kichwa kimenyolewa mara nyingi hata umesahau ulikuwa unasuka mtindo gani. Ule wimbo wa mchakamchaka uliokusisimua wiki ya kwanza sasa unakutia kichefuchefu. Hapo ndipo mwili unapoanza kusema yake, na hapo ndipo kila mtu anaonekana alivyolelewa.

Sisi tuliingia katika ile miaka ambayo biashara ilikuwa imeachiwa huru. Maduka yalijaa vitu, mitumba ilimwagwa chini mnadani mpaka ng'ombe wanaikanyaga, na wakati huohuo kaka zetu waliokuwa viwandani walikuwa wanapunguzwa kazi, wanarudi nyumbani na masanduku yao. Manyara haikuwepo bado, tulikuwa watu wa mkoa wa Arusha. Binti wa Mbulu aliyemaliza shule na hana ndugu mjini aliolewa, au alikwenda Arusha kulea watoto wa watu, au alikuwa sista. Mimi sista nisingefaa, hasira hizi mnazozisoma nilizaliwa nazo. Nikasikia jeshi linachukua wasichana, nikaenda.

Natalia nilimkuta kwenye lori la kutupeleka. Alikuwa binti mrefu, wa kwanza kuzaliwa kwao, baba yake kiongozi wa kigango, kanisa dogo la kijiji, kule Masieda. Alikuwa mkimya, lakini si mkimya wa kununa. Ukimsemesha anakujibu taratibu, anaangalia mikono yake. Tulizungumza lugha yetu njia nzima, na tulipofika mkufunzi wetu akatukataza papo hapo. Mkufunzi huyo alikuwa mwanamke, koplo, na sisi tulimwita Koplo Filimbi kwa sababu hata akila alikuwa nayo shingoni. Jina lake sitalitaja, na kambi sitaitaja. Ilikuwa mahali pa joto, mbali na kwetu, na maji yake yalikuwa na chumvi.

Sasa stoo. Siku ya kugawiwa vifaa tulipanga mstari mrefu. Nyuma ya kaunta alikaa mzee mmoja mwenye mvi, askari wa siku nyingi, uso wake mpole kama wa babu yako mwenyewe. Hakukupima mguu. Alikutazama mara moja usoni, akageuka, akachukua jozi, akasukuma mbele yako. Ukiwa na bahati yalikutosha.

Mbele yetu alikuwa Zaituni, binti wa mfanyabiashara wa Katesh. Huyu alikulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, na kwa mtoto wa dukani kitu kisichofaa kinarudishwa, ndivyo dunia ilivyo. Alivaa buti palepale kwenye sementi, akapiga hatua chache, akalivua, akamwambia mzee halitoshi. Mzee akaguna, akampa jingine. Akalivaa, akasema hili nalo linapwaya. Akapewa la tatu, likakaa. Hakutukanwa, hakupigwa, aliondoka na buti lake.

Akafuata Natalia. Alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo babu." Yule mzee alifurahi mpaka akacheka. Alisema hawa wa Mbulu ndio wenye adabu, wengine wote ni wahuni. Kisha akamsukumia jozi ambayo hata mimi niliyesimama nyuma niliona ni ndogo, maana Natalia alikuwa na mguu mpana wa mtu aliyepanda na kushuka milima na ndoo kichwani tangu utoto, mguu uliozoea ardhi na makatambuga ya matairi. Akayapokea kwa mikono miwili. Akasema, "Asante babu." Akaondoka.

Nje nilimwambia arudi. Akanitazama kama nimemwambia akamtukane askofu.

"Nimeshapokea," alisema. "Nimrudie mzee nimwambie alichonipa hakifai?"

Ninyi wa Mbulu mnaelewa alichosema, msijifanye. Kwetu mkubwa akikupa kitu hukikagui mbele yake. Akikupa kiti kibovu unakikalia, akikupa chakula kidogo unasema nimeshiba, na ukipokea kwa mkono mmoja mama yako anaitwa kuulizwa alikuwa wapi wakati unakua. Mimi mwenyewe nililelewa hivyohivyo, ila mimi mguu wangu ni mdogo na nilipewa mabuti makubwa, nikayajaza soksi za mtumba, maisha yakaenda. Kama ningekuwa na mguu wa Natalia, sijui ningefanya nini.

Acheni niwafundishe kitu hapa, maana wengine mtakwenda na mimi sitakuwepo. Buti jipya ni adui. Kabla ya kulikimbilia, lilainishe. Sugua sabuni ya mche mahali pa kisigino, kwa ndani, na sugua soksi pia. Livae jioni unapofanya fatiki nyepesi, zile kazi za usafi wa kambi, usilisubirie mchakamchaka. Lengelenge likitokea usilichune ngozi. Litoboe pembeni kwa sindano uliyoipitisha motoni, maji yatoke, ngozi ibaki juu kama kifuniko. Kucha kata moja kwa moja, usizungushe. Soksi ikilowa ibadilishe, na kama huna nyingine ikamue uivae tena imekunjuliwa, isiwe na mkunjo hata mmoja. Haya yote Natalia aliyafanya, nilimwona. Lakini hakuna sabuni inayotanua buti. Buti dogo halizoeleki, bali mguu ndio unakubali kushindwa.

Wiki za mwanzo alivumilia. Kila mmoja wetu alikuwa anachechemea, kwa hiyo hakuonekana. Tulikuwa na vituko vyetu vya kutosha. Mimi siku moja Koplo Filimbi aliniita nikamwitikia "Abee mama," na kwa ajili ya neno hilo mama niliruka kichura kuzunguka uwanja mzima, na wasichana wa hanga letu, bweni tulilolala, waliniita Abee Mama mpaka siku ya kiapo. Zaituni alijifunza kula ugali wa moto haraka kwa kuubonyeza kwanza kwenye maharage ya baridi, akatufundisha wote. Tulicheka sana, sikatai. Jeshini kuna kicheko ambacho uraiani sijakipata tena.

Lakini tulipofika katikati, sisi tulipona miguu na Natalia hakupona. Jioni alivua buti akiwa amegeukia ukutani. Harufu ndiyo iliyonishtua. Nikamshika mguu kwa nguvu, nikaona vidole viwili vya mwisho vimekuwa vyeusi, na wekundu umepanda hadi juu ya mguu. Nikamwambia twende kwa mganga wa kambi. Akasema tukienda wataandika ni mtegaji, na mtegaji harudi kijijini na uso. Mtegaji ni yule anayejifanya mgonjwa akwepe kazi, na katikati ya mafunzo kila mgonjwa anaitwa mtegaji, kwa kuwa wategaji wa kweli nao huzaliwa wakati huohuo.

Asubuhi nikaenda mwenyewe kwa Koplo Filimbi. Nikasimama wima, nikamwambia kuruta Natalia ana mguu mbaya, buti ni dogo, na kesho kuna matembezi marefu ya kubeba mzigo, hawezi. Koplo akamwita Natalia mbele ya kombania nzima. Akamwuliza kwa sauti yake ya uwanjani kama anaumwa.

Natalia akaangalia chini. "Hapana, afande."

Mnajua nilivyojisikia? Nilitaka kumpiga. Mimi ndiye niliyeonekana mwongo, na tukala doso, yaani adhabu ya kambini, wote wawili, mimi kwa uongo na yeye kwa kusemewa. Tulibingirika kwenye matope ya jikoni mpaka sijui matope yaliishia wapi na ngozi ilianzia wapi. Baadaye nilimfokea. Nikamwuliza kwa nini amenifanyia vile. Akasema ameulizwa mbele ya watu, na mbele ya watu wazima mtu haanzi kulilia vidole. Akaniomba msamaha kwa upole, na upole ule ulinikera zaidi ya doso.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wahenga haohao ndio waliotufundisha kuficha. Hawakusema mtoto akiulizwa mbele ya watu hadharani, na aliyemuuliza ameshajiamulia jibu, afanye nini. Koplo Filimbi angeweza kumwambia avue buti. Dakika moja tu. Askari anayeongoza watu anakagua miguu kama mkulima anavyokagua kwato, na asiyekagua kwato hastahili punda. Yeye alitaka kusikia hapana, akaisikia, akapuliza filimbi.

Zaituni alijaribu njia yake ya dukani. Mchana ule alikwenda stoo na mabuti ya Natalia mkononi, akaomba yabadilishwe. Mzee mpole akamwambia namba kubwa zimekwisha. Zaituni aliporudi alisema mtu anayeuza huwa anajua kitu kilipo hata akisema kimekwisha, na huyu macho yake hayakutafuta. Mimi sikuona chochote kikitoka stoo ile kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo sitasema. Nitasema tu kwamba mwaka uliofuata, kwenye mnada mmoja karibu na kambi ile, niliona wachuuzi wa ng'ombe wamevaa mabuti ya jeshi mapya, makubwa, yamewakaa vizuri sana.

Matembezi yalianza kabla ya jua. Tulibeba begi, maji, na bunduki za mazoezi, kwenda mpaka vilima fulani na kurudi. Natalia alitembea. Hilo ndilo ambalo hamtaliamini, mnaosema walioshindwa ni walegevu. Alitembea njia yote. Waliojigamba walianguka, wengine wakapandishwa gari, na yeye alikuwa katikati ya mstari, kichwa juu, mdomo umefungwa, jasho la baridi linamtoka. Njia ya kurudi nilimpokonya begi lake nikalibeba juu ya langu. Hakukataa, na hapo nikajua hali ni mbaya kuliko nilivyofikiri. Tulipofika alipiga saluti. Baada ya saluti akakaa chini, na hakuweza tena kusimama.

Buti halikutoka. Mganga wa kambi alilipasua kwa wembe kuanzia juu mpaka puani. Sitawaelezea kilichokuwa ndani. Koplo Filimbi alikuwa amesimama pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza filimbi ilikuwa mfukoni.

"Mbona hakusema?" aliniuliza mimi.

Nikamjibu, "Nilisema mimi, afande."

Sikupewa doso kwa jibu hilo, lakini jina langu alilikumbuka mpaka mwisho.

Natalia alipelekwa hospitali, akakatwa vile vidole viwili na kipande cha cha tatu. Homa ilipotulia akaletwa kambini kuchukua sanduku lake. Hakufaa tena kuwa askari, ndivyo walivyosema, na kweli kwa kwata, ule mwendo wa gwaride, hakufaa. Akapandishwa gari la asubuhi, lilelile lililowapeleka nyumbani wasichana waliopimwa wakakutwa wamekuja na mimba kutoka makwao. Katika kundi letu walikuwepo waliorudishwa hivyo. Hakuna aliyetumwa kumsindikiza, wala kuwaeleza wazazi wake. Nilimfungia sanduku kwa kamba, naye alinishukuru, akamshukuru na dereva.

Siku hiyohiyo Zaituni aliliokota lile buti lililopasuliwa, akalipeleka stoo, akaliweka juu ya kaunta mbele ya yule mzee. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya fatiki.

"Nimerudisha, mzee," alisema. "Halikumtosha."

Mzee aliligeuza, akalitazama, na sura yake ilikuwa ya masikitiko, sitamsingizia. Akatikisa kichwa. "Maskini, yule mtoto mwenye adabu. Mbona hakusema?"

Zaituni alikaa kizuizini wiki ile kwa utovu wa nidhamu. Mzee hakukaa popote. Heshima si utumwa, wanasema. Mimi nawaambia inategemea nani anayeipokea.

Baadaye sana, mkoa ulipogawanywa tukaitwa Manyara, mimi nilikuwa mkufunzi tayari, na mambo yalikuwa yamebadilika. Makuruta walikuja na vyeti vikubwa kuliko vyangu, walipimwa afya mara mbili, na mabuti yalikuja ya aina mpya yenye kitambaa pembeni. Lakini mtoto wa milimani alikuwa yuleyule. Nilimjua kwenye mstari kabla hajasema ametoka wapi. Anapokea kwa mikono miwili, anasema asante, anaondoka na kitu kisichomfaa.

Nikaanzisha zoezi langu ambalo halimo katika kitabu chochote. Kabla ya stoo niliwapanga uwanjani na kuwaamuru wapige kelele neno moja: halitoshi. Wa mijini walicheka wakapiga kelele. Wa kwetu walinong'ona. Niliwakimbiza mpaka mti wa mbali na kurudi, wakanong'ona tena. Kuna msichana mmoja wa Hanang alikimbia mara nyingi mpaka machozi yakamtoka, na mwishowe akalisema kwa sauti iliyonifikia, halafu akajifunika mdomo kwa aibu. Nilimwambia aondoe mkono, arudie. Wakubwa zangu waliniuliza kama ninafundisha askari au wateja wa duka. Niliwaambia nafundisha watu watakaorudi nyumbani na vidole vyote.

Na jioni, kila jioni, miguu nje. Hanga zima wanakaa pembeni ya vitanda, soksi zimevuliwa, napita na tochi. Sikumwuliza mtu kama anaumwa. Nilitazama. Ukiwa kiongozi wa watu wetu usiulize swali mbele ya kundi halafu ukaamini jibu, maana utajibiwa adabu badala ya ukweli.

Narudi kwa Natalia. Tulipokula kiapo nikapewa likizo, nikafika Tumati na sare mpya. Mama yangu alinipikia, akanitazama nikila, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli yule mwenzangu wa Masieda alipata mimba kambini. Nikaacha kula. Nikamwuliza nani kasema. Akasema kila mtu anasema, hata sokoni.

Mama akanieleza yote. Natalia aliposhuka kwenye gari na sanduku, mguu umefungwa, watu walitazama tumbo. Alipowaonyesha mguu walisema mguu ni mguu na tumbo ni tumbo. Miezi ikapita tumbo halikutokea, na ninyi mnaopenda ushahidi mngesema sasa kesi imekwisha. Haikwisha. Walisema ameitoa. Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya zaidi, maana la kwanza lingeisha kwa kuzaa, na la pili halina mwisho.

Kwetu zamani binti aliyepata mimba akiwa nyumbani kwa baba yake alitengwa. Hakuchota maji na wenzake, hakuomba moto kwa jirani, hakusogelea zizi, maana waliamini balaa litashuka kwa watu na mifugo. Kanisa limeingia, tumebatizwa, tunaimba kwaya sauti nne, lakini jambo likitokea ile hofu ya zamani inaamka kabla yetu. Baba yake Natalia alikuwa kiongozi wa kigango, na Jumapili alisoma masomo mbele ya watu. Nyumbani alimpa binti yake kibanda cha pembeni kilichokuwa cha kuwekea majani ya ng'ombe, na sufuria lake, na kikombe chake. Hakuwa amezungumza naye tangu arudi. Kulikuwa na maneno kwamba atampeleka kwa watu wa mbali, huko ambako hakuna anayemjua, akakae hukohuko.

Nilivaa sare yangu makusudi. Lori la mahindi lilinishusha njiani, nikamalizia kwa miguu mpaka kwao. Natalia alikuwa kwenye kibanda chake anachambua maharage. Aliponiona alisimama, akakaa tena, akaniuliza habari za Zaituni. Alikuwa amekonda, amekuwa kama mtu aliyeazimwa. Nikamwuliza kama amewaeleza. Alisema amewaeleza mara moja, na hakutaka kumbishia baba.

Nikamwacha pale, nikavuka uwanja mpaka mlangoni kwa mzee. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anatengeneza mpini wa jembe. Nikasema shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, akaagiza niletewe kiti. Nikakaa. Nikamwambia mimi na binti yake tulilala vitanda vya jirani tangu siku ya kwanza mpaka alipoondoka, kwa hiyo nisemacho nakijua. Nikamweleza yote niliyowaeleza hapa, stoo, vidole, matembezi, wembe. Nikamwambia Natalia hakuwa na mimba, hakutoa mimba, na mwanamume wa kumpa mimba hakuwahi hata kumsogelea, kwani tulikuwa tunalindwa kama maziwa. Aliendelea kukwangua mpini.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mtu harudishwi kutoka kambini kwa sababu ya kiatu."

"Amerudishwa, baba."

"Huyu ana mdomo. Kiatu kikimbana mtu si anasema? Kwa nini hakusema?"

Swali lile tena. Koplo aliliuliza, mwenye stoo aliliuliza huku ameshika buti lenyewe, na sasa baba mtu. Kila aliyemfunga mdomo alikuwa anauliza mdomo umekwenda wapi. Nilisimama. Binti wa kwetu hasimami hivyo mbele ya mzee aliyekaa, wala hamtazami machoni, na mimi nilimtazama mpaka akaacha kukwangua.

"Kwa sababu ulimlea vizuri, baba."

Mama yake Natalia, aliyekuwa ndani, alitoka akasimama mlangoni na taulo la jikoni mkononi. Mzee aliweka mpini chini. Mimi sikukaa, wala sikuomba radhi, na sijaomba mpaka leo. Kisha akainua kichwa akamwita binti yake kwa jina, si kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya uwanja, bali kwa sauti ya kufika mpaka kwa majirani wa mteremko wa pili. Akamwita mara ya pili ili wasiosikia wasikie. Natalia akatoka kibandani. Alikuja akichechemea, polepole, na sote tulisimama tukamsubiri.